Kwa nini mtama hunyauka kisha ukafufuka? Vitu vidogo vinavyolinda protini kwenye mmea, samaki na chanjo

Leo tunaingia ndani kabisa ya jani, mahali ambapo jicho halifiki, kwa sababu swali moja linajirudia kila mwaka. Ikifika Januari na Februari, mvua za vuli zimekata na za masika bado, wakulima wa Misungwi, Kwimba, Magu mpaka Sengerema huniuliza: "Bwana shamba, mahindi na mtama vimepandwa wiki moja, udongo ni ule ule wa kichanga, jua ni lile lile. Mahindi yamekauka moja kwa moja, mtama umenyauka lakini mvua ikidondoka unasimama. Kuna nini humo?"

Majibu yapo mengi. Mizizi ya mtama inashuka chini zaidi, majani yake yana nta nyingi, na unajua kupunguza kasi ya kukua ukasubiri mvua. Haya tumeshayazungumza. Lakini lipo jibu moja ambalo halizungumzwi sana: mtama hujaza ndani ya seli zake vitu vidogo vinavyoyeyuka kwenye maji, ambavyo huzuia protini zake zisiharibike. Ukielewa jambo hili moja, utaelewa pia kwa nini miche ya nyanya ikomazwe kabla ya kuhamishwa, kwa nini mbegu isivunwe mbichi, na kwa nini chanjo ya ng'ombe iliweza kubebwa juani bila barafu.

Protini ni uzi uliokunjwa

Wengi tukisikia protini tunafikiria dagaa, maharage na nyama. Ni kweli, lakini ndani ya kiumbe hai protini ni wafanyakazi. Zipo zinazotengeneza sukari kutokana na mwanga wa jua, zinazopitisha maji na chumvi, na zinazovunja chakula. Kila protini ni uzi mrefu sana uliokunjwa kwa mpangilio maalumu. Ikiwa imekunjwa vizuri, inafanya kazi. Ikikunjuka, kazi imekwisha, hata kama uzi wenyewe haujakatika.

Mfano upo jikoni kwako. Vunja yai mbichi: ute wake unateleza na unapitisha mwanga. Uweke kwenye joto, ukifika nyuzi 60 na kitu unaanza kuwa mweupe na mgumu. Hakuna kilichoongezwa. Ni protini zilizokunjuka, kisha nyuzi zake zikanasana zenyewe kwa zenyewe. Na ukilipoza lile yai halirudi kuwa bichi.

Sasa jani likipigwa na jua kali bila maji, protini zake zinaanza kuelekea njia hiyo hiyo. Mmea unaofanikiwa kuzizuia kwa wiki mbili au tatu utasimama tena mvua ikija. Unaoshindwa ndio ule unaouona umekauka ukawa karatasi.

Ndani ya seli kuna msongamano

Tusidhani kwamba protini zinaogelea kwa raha kama sato kwenye ziwa. Ndani ya seli ni kubanana. Wanasayansi waliopima bakteria wanasema kwamba ukipata lita moja ya ute wa ndani ya seli zake, utakuta gramu 300 hadi 400 za protini na molekuli nyingine kubwa. Ute wa yai, pamoja na uzito wake wote, una gramu 100 tu hivi za protini kwa lita.

Fikiria daladala ya Buhongwa saa kumi na moja jioni, watu wamejaa mpaka mlangoni. Ukiwa na mwavuli uliokunjwa, utasafiri nao bila shida. Ule msongamano wenyewe unakulazimisha uendelee kuukunja, kwa kuwa nafasi ya kuufungua haipo. Ndivyo ilivyo kwa protini. Msongamano unasaidia kuziweka zikiwa zimekunjwa.

Lakini daladala hiyo hiyo ina hatari yake. Mwavuli mmoja ukifyatuka, vyuma vyake vinanasa shati la huyu, kikapu cha yule na mwavuli wa jirani, na kuuchomoa ni kazi kubwa. Protini ikikunjuka mahali penye msongamano, inanasa na jirani zake haraka, wanatengeneza bonge. Mmea ukipoteza maji, seli inasinyaa na msongamano unaongezeka, kama abiria wale wale kuhamishiwa kwenye gari dogo. Kwa hiyo mmea una kazi mbili kwa wakati mmoja: kuzuia maji yasitoke yote, na kuhakikisha protini hazikunjuki.

Vitu vidogo vyenyewe

Wataalamu huviita osmolaiti. Sisi tuviite viyeyushwa vidogo. Ni molekuli ndogo sana zikilinganishwa na protini, na huyeyuka kwenye maji kama sukari kwenye chai. Vinavyotuhusu zaidi ni hivi:

1. Betaini. Jina lake kamili ni glisini betaini. Iligunduliwa kwenye kiazisukari, ndiyo maana ina jina linalofanana na jina la kisayansi la zao hilo, Beta. Pamba huihifadhi kwa wingi. Aina nyingi za mtama huitengeneza pia, na hata mchicha wako wa bustanini. Mahindi hutofautiana: aina nyingine huitengeneza kiasi, nyingine karibu hazina kabisa. Mpunga hauikusanyi. Nyanya nayo haiikusanyi.

2. Prolini. Hii ni mojawapo ya vipande vinavyojenga protini, lakini mmea ukikosa maji hukusanya prolini nyingi ikiwa huru. Mwaka 1954 watafiti wawili, Kemble na Macpherson, waliandika kuhusu majani ya nyasi za malisho yaliyoachwa yanyauke: prolini iliongezeka ndani yake. Tangu hapo imeonekana kwenye mimea mingi sana, mpunga ukiwemo.

3. Sukari. Sukari ya kawaida ya mmea, na kwa viumbe wengine sukari iitwayo trehalosi.

Kazi ya kwanza ya viyeyushwa hivi ni kushika maji. Ukitia chumvi kwenye nyanya zilizokatwa za kachumbari, baada ya dakika chache maji yanajaa bakulini. Maji hufuata mahali palipo na vitu vingi vilivyoyeyuka. Seli ikijaza betaini na prolini, maji yanabaki ndani badala ya kukimbia.

Hapo utauliza: kwa nini mmea usitumie chumvi, ambayo ipo bure kwenye udongo? Kwa sababu chumvi nyingi ikikaa pamoja na protini huzivuruga. Mmea unaojua kuishi na chumvi huifungia kwenye mfuko mkubwa ulio ndani ya seli, kama ghala, halafu kule zinakofanya kazi protini huweka betaini. Betaini hata ikiwa nyingi haivurugi kazi. Mwaka 1982 Paul Yancey, George Somero na wenzao waliandika makala iliyopanga jambo hili vizuri: viumbe walio mbali kabisa kwa ukoo, kuanzia bakteria, mimea hadi samaki, wamechagua viyeyushwa vya makundi yale yale machache kwa sababu hiyo hiyo.

Vinalindaje bila kushika?

Hapa ndipo watu wengi, hata sisi wenye diploma, hudhani kwamba betaini inaikumbatia protini kama gundi. Ni kinyume chake. Betaini inajitenga na protini.

Fikiria mvuvi wa dagaa aliye kwenye mtumbwi usiku wa manane. Upepo wa baridi ukivuma, anafanya nini? Anajikunyata. Anakunja mikono, anainamisha kichwa, anavuta magoti kifuani. Hakuna aliyemfunga kamba. Anapunguza tu sehemu ya mwili inayopigwa na baridi. Jua likichomoza, ananyoosha mikono na miguu.

Uzi wa protini una uti wake wa mgongo, na uti huo na betaini havipatani. Betaini inapenda zaidi kukaa na maji. Protini ikiwa imekunjwa, sehemu kubwa ya uti huo imejificha ndani. Ikikunjuka, uti wote unatoka nje na kukutana na kitu usichopatana nacho. Kwa hiyo, mahali penye betaini nyingi, protini inaona nafuu kubaki imejikunyata. Serge Timasheff na wenzake walifanya kazi miaka mingi kuonyesha jambo hili: walipima maji na viyeyushwa vilivyozunguka protini, wakakuta sukari na betaini zimepungua karibu na protini na maji yamezidi.

Unaweza kujionea jikoni. Tenganisha ute wa mayai mawili, kila ute kwenye kikombe chake. Kikombe cha kwanza tia kijiko kimoja cha chakula cha maji. Cha pili tia vijiko viwili vya sukari nyeupe, koroga taratibu mpaka iyeyuke. Vipange vyote viwili kwenye sufuria yenye maji, bandika kwenye moto mdogo na uangalie. Ute usio na sukari ndio utatangulia kuwa mweupe. Wenye sukari unahitaji joto zaidi. Waoka keki wanalijua hili kwa uzoefu. Sasa na wewe unajua sababu yake.

Si kila kiyeyushwa ni rafiki: angalia urea

Ile urea unayoijua, ya mfuko wa kilo 50 wenye asilimia 46 ya naitrojeni, ni kiyeyushwa kidogo pia. Lakini tabia yake ni ya jua, siyo ya baridi. Inapatana na uti wa protini, kwa hiyo protini inaona raha kujinyoosha. Maabara wakitaka kukunjua protini makusudi, huiyeyusha kwenye urea nyingi, hata gramu 480 kwa lita.

Na bado wapo viumbe wanaoishi na urea mwilini. Kamongo wetu wa Ziwa Victoria ni mmoja wao. Akiwa majini hutoa taka ya naitrojeni kama amonia. Akijichimbia kwenye tope lililokauka hana maji ya kuitolea, na amonia ni sumu kali, basi huigeuza kuwa urea na kuihifadhi mwilini mpaka maji yarudi. Homer Smith, Mmarekani aliyemchunguza kamongo wa ziwa hili, aliyaandika haya mwaka 1930. Urea ina ubaya wake, lakini ni afadhali kuliko amonia.

Papa wa baharini wana urea nyingi zaidi, na wao wana dawa yake. Mwilini mwao kuna kiyeyushwa kingine kiitwacho trimethilamini oksaidi, kwa kifupi TMAO, ambacho kinasukuma protini zijikunje, kinyume na urea. Uwiano wake ni karibu urea mbili kwa TMAO moja, na kwa uwiano huo nguvu za hivi viwili zinakaribia kufutana. Ile harufu kali inayopanda puani ukipita karibu na papa asiyehifadhiwa vizuri inatokana kwa sehemu kubwa na urea iliyovunjika kuwa amonia. Kwa hiyo swali siyo tu "kuna viyeyushwa vingapi?" bali "ni vya aina gani, na kwa uwiano gani?"

Maji yakiisha kabisa: mbegu na mdudu wa mawe

Betaini na prolini zinafanya kazi wakati bado kuna maji kiasi. Lakini mbegu ya mahindi ghalani ina unyevu wa asilimia 13 tu au chini yake, na bado iko hai. Hapo kinga ni ya namna nyingine. Maji yakikaribia kuisha, sukari zilizomo kwenye mbegu zinakuwa nzito mno mpaka zinaganda kama kioo, mfano wa peremende ngumu. Protini zinabaki zimefungwa ndani ya kioo hicho, haziwezi kukunjuka wala kugusana. Maji yakirudi, kioo kinayeyuka na kazi inaendelea. Mbegu ina protini maalumu zinazosaidia kazi hiyo pia.

Ng'ambo ya ziwa, Uganda, na kule Nigeria kaskazini, kuna mdudu mdogo ambaye lava wake huishi kwenye vidimbwi vya maji juu ya mawe. Jina lake la kisayansi ni Polypedilum vanderplanki. Ni ndugu wa baadhi ya wale wadudu wasiouma wanaopaa kama moshi juu ya ziwa letu. Kidimbwi kikikauka, lava hukauka nacho akawa kama pumba, huku karibu asilimia 20 ya uzito wake mkavu ni trehalosi. Lava waliokaa wakavu miaka 17 waliwahi kutiwa majini na wakafufuka.

Ila sikiliza hili: lava huyo akikaushwa ghafla, kabla hajapata muda wa kutengeneza trehalosi, hafufuki. Kinga lazima itangulie. Hilo ndilo somo kubwa la makala hii, na ndilo lililobadilisha historia ya mifugo yetu.

Sotoka: sukari iliyosaidia kumaliza ugonjwa

Wazee wa Kisukuma wana simulizi za sotoka. Miaka ya 1890 ugonjwa huu ulipita Afrika Mashariki na kumaliza ng'ombe, na njaa ikafuata. Chanjo iliyofaa sana ilitengenezwa Muguga, Kenya, na Walter Plowright na wenzake, wakaichapisha mwaka 1962. Dozi moja ilimkinga mnyama kwa miaka mingi. Tatizo lilikuwa moja: joto. Virusi vya chanjo vimezungukwa na protini, na protini zikikunjuka chanjo imekufa. Ilihitaji barafu mpaka kwa mfugaji wa mwisho, na mfugaji wa mwisho ndiye aliyekuwa mbali kuliko wote na friji.

Mwaka 1990 Jeffrey Mariner na wenzake walichapisha majaribio yao. Hawakutafuta virusi vipya. Walichukua chanjo ya asili hiyo hiyo, wakalinganisha viyeyushwa vya kuilinda na namna ya kuikausha. Mchanganyiko uliokuwa na sukari ya kawaida pamoja na protini ya maziwa iliyovunjwavunjwa ulifanya vizuri, pamoja na ukaushaji wa taratibu ulioondoa maji zaidi. Chanjo iliyotokana na kazi hiyo iliweza kukaa nje ya baridi kama siku 30. Ikabebwa kwa miguu na wahudumu wa mifugo wa jamii wenyewe, Karamoja, Sudan Kusini ya leo, na kwa Waafar wa Ethiopia. Mwaka 2011 dunia ilitangaziwa kwamba sotoka imetokomezwa. Chanjo bora, kazi ya watu na ufuatiliaji ndivyo vilivyofanya hayo, lakini bila chanjo kustahimili joto, wale wa pembezoni wasingefikiwa.

Leo mfugaji wa kuku wa kienyeji ana chanjo ya kideri ya I-2, ambayo hapa nchini hutengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Hiyo virusi vyake vyenyewe vina asili ya kuvumilia joto, na vitu vya kulinda vinaongezwa juu yake. Kuvumilia joto siyo kutokufa. Ikae kivulini, mbali na jua, na ifuate maelezo ya kwenye chupa. Na ile chanjo kavu ukishaichanganya na maji, kile kioo cha kinga kimeyeyuka. Kuanzia dakika hiyo saa inahesabu, itumie kwa muda ulioandikwa na usiweke kiporo. Kuku hupewa tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu.

Sasa shambani tufanye nini?

Mmea hauwezi kununua betaini dukani usiku jua likishapiga. Unaitengeneza mwenyewe, na kwa kufanya hivyo unatumia sukari, naitrojeni na muda. Kwa hiyo:

Kwanza, linganisha zao na shamba. Kwenye udongo wa kichanga unaokauka haraka, mtama na pamba vinaingia vitani vikiwa na silaha ambazo mpunga hauna. Mpunga peleka kwenye majaruba yanayoshika maji, kwa kuwa kinga yake kubwa ni maji yenyewe. Ukipanda mahindi, chagua aina inayokomaa mapema, na usiweke chakula chote cha nyumba kwenye zao hilo moja.

Pili, upe mmea muda. Ukame unaokuja taratibu unauacha mmea ujiandae. Ukame wa ghafla unaukuta mikono mitupu. Samadi iliyooza, matandazo, na matuta yaliyofungwa kwa vizuizi ili maji yasikimbie, vyote vinageuza ukame wa ghafla kuwa wa taratibu. Siku tano za ziada zinaweza kuwa ndizo za kutengeneza kinga.

Tatu, usiuache mmea na njaa. Betaini na prolini zote zina naitrojeni ndani yake. Mmea wa manjano, wenye njaa, hauna mtaji wa kuzitengeneza. Lakini usizidishe: ukimwaga mbolea mmea unatoa majani mengi mapana yanayomaliza maji ya udongo kabla ya kiangazi kuanza. Weka kiasi, kwa wakati, udongo ukiwa na unyevu. Prolini hata ikishafanya kazi haipotei bure, mvua ikirudi mmea huivunja na kutumia naitrojeni yake kuotea tena.

Nne, komaza miche. Nyanya, kabichi na pilipili hoho kitaluni zimezoea kivuli na maji ya kila siku. Siku 7 hadi 10 kabla ya kuhamisha, punguza maji kidogo kidogo na ondoa kivuli hatua kwa hatua. Usiikaushe mpaka ife, mfundishe tu mche wako kiu. Katika siku hizo, pamoja na mambo mengine, seli zake zinajaza viyeyushwa. Mwagilia vizuri siku ya kuhamisha, na hamisha jioni.

Tano, mbegu ya kuhifadhi ikomae kwenye mmea. Sukari na protini za kuvumilia ukavu hujazwa mwishoni mwa ukomavu. Ukichuma mbichi kwa kuogopa wezi au mifugo kisha ukaianika juani, umefanya kama yule lava aliyekaushwa ghafla. Itaonekana mbegu, lakini uotaji utakuwa hafifu.

Maswali ninayoulizwa

Nikinyunyizia maji ya sukari kwenye mahindi yaliyonyauka, yatafufuka? Hapana. Kinga inatakiwa ndani ya seli, siyo juu ya jani. Utaita sisimizi na kuvu, na chai ya watoto itakosa sukari.

Kuna dawa za kupulizia zimeandikwa amino asidi au betaini, ninunue? Betaini inaweza kuingia kupitia jani, na ipo mimea iliyonufaika katika majaribio. Ila matokeo yametofautiana kwa zao, kipimo na mahali. Usinunue kwa shamba zima. Angalia kama bidhaa imesajiliwa, pulizia mistari michache kabla ya ukame, acha mistari ya jirani bila kitu, halafu pima mavuno kwa debe. Ikiwa pesa inatosha kitu kimoja tu, samadi na mbegu bora vitangulie.

Urea niliyoweka shambani itakunjua protini za mahindi yangu? Hapana. Kwenye udongo urea huvunjwa na vimeng'enya kuwa amonia, na mmea unaichukua kwa kiasi kidogo kidogo, haikusanyiki kama ile ya maabara. Ila usiiweke kwenye jani wala kugusa shina, na usiiweke kwenye udongo mkavu. Hapo unaunguza mmea na kupoteza naitrojeni hewani.

Naweza kuongeza sukari kwenye chanjo ya kuku ili ikae zaidi? Usifanye hivyo. Kinga ya chanjo iliwekwa kiwandani kabla ya kukaushwa, kwa kipimo. Ukiongeza nyumbani unaweza kuingiza uchafu na kuiharibu. Tumia maji yaliyoelekezwa, na yasiwe ya bomba yenye dawa ya klorini.

Kwa leo tuishie hapo. Kabla ya msimu ujao, tembea shamba lako na kalamu na daftari: andika ni sehemu ipi hukauka kwanza na kuna zao gani hapo. Mpelekee afisa ugani wa kata yako orodha hiyo mkae mpange nini kipandwe wapi, mvua zikiwa bado hazijaanza.